Kiraka cha Célestin

Mjomba Assani aliniuliza mara ya kwanza, nikanyamaza.

Aliuliza vizuri, sina la kumlaumu. Alikuwa amesimama katikati ya ua wetu wa Mikelenge, amevaa koti jipya ambalo wakwe walikuwa wamemkabidhi nusu saa kabla, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni kwa sababu jua la saa nane la Kindu halijui kama koti ni la mahari.

"Euphrasie, mutoto ya dada yangu," alisema. "Hawa watu wametoka Kisangani. Wameleta mali. Wanasema wameona mwanamuke hapa. Tukikula hii mali, hatuna tumbo ya kuitapika. Tupokee?"

Kwetu bibi harusi huulizwa mara tatu mbele ya pande zote mbili, na jibu lake ndilo linalofunga au kufungua mambo. Mara ya kwanza akikaa kimya, watu husema ameona haya. Basi wanawake wa upande wetu wakapiga vigelegele. Haya! Mimi mwenye miaka arobaini na saba, fundi wa ndege niliyewahi kumfukuza rubani mlevi na spana mkononi, nione haya kwa kuulizwa neno moja na mjomba wangu?

Haikuwa haya. Nilikuwa nikimtazama Célestin.

Alikuwa ameketi upande wa pili wa ua kati ya ndugu zake, suti ya kijivu, mvi zimeanza pembeni mwa masikio, mikono juu ya magoti. Alinitazama, akajaribu kutabasamu, tabasamu likakwama njiani. Alijua ninachosubiri. Nilimpenda, na sitaki mtu adhani vinginevyo. Nilimpenda nikiwa msichana, nikampenda alipoondoka, nikampenda hata miaka ile niliyokuwa nikimtukana peke yangu chini ya bawa la ndege. Lakini nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Kama siku ile asingesema mbele ya watu kazi inayobeba jina lake ilikuwa ya nani, basi mbuzi wake, vitenge vyake na magunia yake ya chumvi vingerudi Kisangani pamoja naye.

"Mutoto anaona haya," alisema Yaya Émilienne, na ndugu zake wakacheka.

Émilienne ni dada mkubwa wa Célestin, na kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Ndiye aliyemlea, na ndiye anayeendesha ofisi ya karakana yao ya ndege huko Kisangani. Kwa desturi msemaji wa wakwe huwa mwanamume. Walipofika, mjomba aliuliza mwanamume wao yuko wapi. Émilienne akamjibu kwamba wanaume wao vita iliwala, na aliyebaki ndiye huyo anayeoa, "kwa hiyo, papa, utasema na miye." Nilimpenda kwa jibu lile. Ningempenda zaidi kama angeishia hapo.

"Wakwe, musiogope kupokea," aliendelea, amejishika kiuno. "Munapata mukwe mukubwa. Nani anatengeneza ndege huku kwetu na hajui Kiraka cha Célestin? Nendeni Bunia, nendeni Kisangani. Bawa ikipasuka, mafundi wanasema nini? Wanasema: tuweke Célestin. Jina ya mudogo yangu iko juu ya mulango ya atelier, karakana yetu. Iko ndani ya vitabu ya kufundishia vijana. Wakati ya vita, hapa hapa Kindu, kijana mudogo, bila mashine, bila mwalimu, alifikiri yeye peke yake."

"Yeye peke yake!" waliitikia ndugu zake.

Mdogo wangu Joëlle, aliyekuwa ameketi nami mkekani, alinifinya paja. "Yaya, tafazali," alininong'oneza. "Ukubali tu. Jina haipiki, jina haifuniki mutu wakati ya baridi."

"Weye njo unasema vile? Weye, Joëlle?" Njo yetu ya Kindu ni ndiye ya kwenu.

Akatazama chini. Alikuwa na sababu zake za kutazama chini.

Mwaka 2001 Kindu ilikuwa imefungwa pande zote. Reli ilikuwa imekufa, mto ulikuwa na bunduki kila kona, na aliyeshika njia ya Kalima alikuwa ameaga kwanza. Kilichoingia kiliingia kwa ndege: dawa, sabuni, chumvi. Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa. Hakuwa na mtoto wa kiume na hakutaka maneno ya watu, kwa hiyo nilipofika miaka kumi na miwili alinipa nyundo akanifundisha kupiga ribiti, ile misumari mifupi isiyo na ncha inayoshona bati kwa bati. Alipofariki nilikwenda uwanja wa ndege kuomba kazi. Walinipa ufagio. Nikafagia, na huku nikiangalia.

Hapo nilimkuta Célestin, fundi mwanafunzi aliyekwama Kindu kama sisi wote. Alikuwa na cheti kimoja cha Kinshasa na kicheko kisichoisha. Siku ya kwanza alinikuta nimelala chali chini ya ndege ndogo ya injini mbili, nikihesabu ribiti.

"Mama, unafagia bawa?"

"Ninasoma," nilimjibu. "Weye unajua kusoma?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tulikula sahani moja, wali na sombe ya majani ya muhogo, wakati mwingine wali na chumvi tu. Alinifundisha aliyoyajua, nami nikamuuliza asiyoyajua, na hakuwahi kukasirika. Wanaume wangapi wanaweza hilo? Ndiyo maana nilimpenda. Sura yake ilikuwa nzuri pia, lakini hiyo ilikuwa nyongeza.

Kisha ndege ile ikagonga pipa wakati wa kutua, na tumbo la bawa likapasuka urefu wa mkono. Wiki hiyohiyo Joëlle, mwenye mimba ya miezi minane, akavimba miguu na uso, akaanza kuona giza mchana. Mkunga alinivuta pembeni akaniambia kwamba dawa zimeisha mjini, na asipofikishwa Goma, nisishone nguo za mtoto.

Mwenye ndege alitaka kuiacha ioze. Mimi nikaingia kwenye mabaki ya ndege ya zamani kule mwisho wa uwanja, nikakata bati, nikatengeneza kiraka kama alivyonifundisha baba: cha mraba, kinene, ribiti karibukaribu. Hilo ni kosa la mtoto wa reli. Behewa linapenda unene. Kabla ya kugusa bawa nilikijaribu kwenye kipande cha bati, nikakining'iniza kwenye boriti ya chuma na kukifungia vipande vya reli kimoja baada ya kingine. Kiraka hakikuachia. Bati lililokuwa pembeni yake ndilo lililochanika.

Nilikaa palepale nikalia. Baadaye nikafuta uso na kukata kingine. Kwa siku tatu nilichana bati nane, nikiandika hesabu kwenye daftari la shule, na Célestin akiniletea reli begani bila kuuliza ninafanya nini. La tisa halikuchanika. Kilikuwa kiraka chembamba, kila upande kina vidole vitano kama vya mkono, visivyolingana urefu.

Tulikishona pamoja. Ribiti inataka watu wawili: mmoja nje na nyundo, mwingine amejibana ndani ya bawa akiegemeza chuma upande wa pili. Hamuonani, na kwa kelele ile hamsikiani. Mnazungumza kwa kugonga. Wa ndani akigonga mara moja, ribiti imekaa. Akigonga mara mbili, rudia. Ribiti mia moja na arobaini na nne. Mimi sikuwahi kupewa barua ya mapenzi kabla ya hapo wala baada ya hapo, lakini niligongewa zile mara moja moja kutoka ndani ya bati, nikajua kwamba kuna mtu duniani anayesikia vizuri kila ninachofanya.

Kazi ilipokwisha, mwenye ndege akaja na karatasi. "Nani atapanda ndege iliyoshonwa na mwanamuke wa ufagio? Rubani anataka jina ya mutu mwenye cheti."

Joëlle alikuwa amelazwa kwenye machela chini ya bawa, hajitambui. Célestin alinitazama.

"Weka jina yako," nilimwambia. Mimi mwenyewe nilimwambia. "Weka, waende."

"Nikifika Goma nitasema," alisema. Alinishika uso kwa mikono yake yenye mafuta. "Euphrasie, unasikia? Nikifika, nitasema."

Ndege ilifika. Joëlle alijifungua Sandrine, mtoto mzima, na leo Sandrine ndiye aliyekuwa akigawa soda kwa wakwe. Mafundi wa Goma walikuja kukitazama kiraka, wakauliza ni cha nani, na kijana wa miaka ishirini na sita akasimama mbele yao na cheti chake mfukoni. Hakusema uongo hata kidogo. Alinyamaza tu. Kesho yake akapewa kazi. Barua mbili zilinifikia, ya tatu hata leo haijafika. Baadaye nikasikia amefungua karakana Kisangani, na ameoa. Mimi niliacha ufagio, nikawa fundi kwa nguvu ya ubishi wangu, na kila ndege iliyotua na vile vidole vitano kwenye bawa niliifunga na kuifungua nikiambiwa, "Mama, angalia vizuri, hii ni Célestin." Nyumbani nako sikupona: kila mwaka Joëlle husimama kanisani kutoa ushuhuda, akimshukuru Mungu na Célestin. Alijua kila kitu. Alisema ukweli ungewachanganya watu.

Mwaka jana Célestin alirudi Kindu, mke wake amekwisha kufa miaka minne, kukagua ndege moja. Alinikuta chini ya bawa.

"Unasoma?" aliuliza.

Nilitoka na spana nikiwa na nia mbaya. Nilipomwona uso, spana ikawa nzito. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye mahari.

Lakini wiki moja kabla ya siku yenyewe tuligombana vibaya, kando ya mto Lualaba, mahali mitumbwi ya kuvukia Alunguli inapopakia.

"Nimekuomba musamaha mara ngapi?" aliniuliza.

"Mingi. Yote jikoni kwangu."

"Sasa unataka nini tena?"

"Kitu ulichukua mbele ya watu, unataka kurudisha nyuma ya mulango?"

"Euphrasie, ile atelier itaanguka. Vijana wanafundishwa pale kwa jina ile. Yaya Émilienne atakufa."

"Yaya Émilienne hafi. Nimemuona."

Alitaka kucheka, akashindwa. Alinishika mkono. "Kisha ndoa. Ninaapa. Ndoa ikiisha, nitasema kwa watu wote."

"Kisha ndoa nitakuwa bibi ya Célestin. Watasema bwana anapenda bibi yake, amemupa zawadi. Miye sitaki zawadi. Ninataka kazi yangu."

"Na kama siwezi?"

"Basi usilete mbuzi."

Aliwaleta. Ndiyo sababu nilikuwa sijui lolote siku ile, nimekaa mkekani: sikujua kama amekuja na ukweli au amekuja na mbuzi tu.

Mjomba Assani alijifuta jasho. "Euphrasie, mara ya pili. Tupokee?"

Nilisimama. "Mujomba, mbele ya kujibu, niko na swali moja kwa mwanaume."

Ua mzima ulinung'unika. Émilienne akanyosha kidole. "Bibi harusi haulizi! Anaulizwa."

"Leo anauliza, yaya."

"Papa Assani, hii njo heshima ya Kindu?"

Mjomba wangu ni ndugu wa mama, na upande wa mama ni Waislamu wa Kasongo. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilijua anataka mali ile. Koti lilikuwa limemkaa. Lakini mjomba ana kichwa kigumu kama changu, na nadhani ndiko nilikokitoa.

"Wakwe," alisema, "miye niko Mwislamu. Kwetu mwanamuke anaweza kutaja mahari yake mwenyewe. Kama mahari ya huyu ni swali, aulize."

Nilivuka ua nikasimama mbele ya Célestin, karibu kiasi cha kuona mshipa wa shingo yake ukipiga.

"Kiraka yako iko na vidole tano kila upande," nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Kimoja kirefu, vingine vinapungua vinapungua. Juu ya nini havilingani? Sababu ni nini?"

Émilienne akapiga makofi kwa furaha. "Njo hii tu? Aaa, mutoto anapima bwana yake! Célestin, mujibu, tukule."

Msomaji, elewa hali ilivyokuwa. Hakuna mtu katika ua ule ambaye angejua kama jibu ni kweli. Angesema upepo, angesema uzito, angesema Mungu ndivyo alivyoumba mkono, na watu wangeshangilia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata tulikuwa wawili tu. Angeweza kunidanganya mbele ya watu mia na mimi peke yangu ningejua. Nilikuwa nimempa mlango wa kutokea, mpana, na yeye aliuona.

Alisimama polepole.

"Ile kazi," alianza, "tuliifanya pamoja, miye na Euphrasie..."

"Sikuuliza ile."

Macho yake yalikwenda kwa dada yake, yakakaa kidogo, yakarudi kwangu. Nilisema moyoni, sema uongo basi tumalize, sema uongo nikuchukie nipumzike.

"Sijui," alisema Célestin.

"Unasema?" aliuliza mjomba.

"Sijui, papa. Sijawahi kujua." Akawageukia watu wote. "Kila mwaka vijana ya atelier wananiuliza hii hii swali. Kila mwaka nawadanganya. Mwaka juzi waliniletea ndege kubwa, wakasema, papa Célestin, ongeza ukubwa ya kiraka yako, ikae kwa hii. Nilishinda juma mbili na rula. Nilishindwa. Nikawaambia ile ndege imezeeka. Haikuzeeka. Miye njo sikujua hesabu. Hesabu iko kwa huyu mwanamuke. Alichana bati nane hapa uwanja wa ndege, na ya tisa ilikataa kuchanika. Miye nilibeba reli. Nilishika chuma ndani ya bawa. Njo kazi yangu, kushika chuma. Kisha nilibeba daftari yake mupaka Goma ndani ya shati, hesabu yake sikuielewa, na nikanyamaza miaka makumi mbili na tatu."

Mtu mmoja aliangusha sahani. Émilienne alikuwa amesimama.

"Huyu amerogwa," alisema. "Mumemupa nini kukula? Célestin, ikaa!"

"Siikai, yaya."

"Ushahidi iko wapi? Mwanamuke wa ufagio anafikiri ndege? Ushahidi iko wapi?"

Ndipo Joëlle aliponyanyuka kutoka mkekani. Mdogo wangu ni mwoga, hata kuku akimfukuza hukimbia. Alishika kitenge chake kwa mikono miwili kifuani.

"Miye," alisema. "Miye njo ushahidi. Nilikuwa ndani ya ile ndege na tumbo. Siku zote nasimama kanisani nasema Célestin aliniponyesha. Ni dada yangu njo aliniponyesha. Nilijua. Nilimuacha afagie jina yake mwenyewe." Akanigeukia machozi yakimtoka. "Yaya, unisamehe. Siku ya Mungu, kanisani, nitasimama tena, nitasema vizuri."

Nilimshika shingo.

"Sasa jibu yenyewe ni nini?" aliuliza mjomba Assani, kwa sababu yeye akianza jambo hulimaliza. "Mahari imebaki nusu. Mwanaume hajui. Weye unajua?"

Nilikuwa nimengojea swali hilo tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, na sasa lilipokuja, nilijikuta nimechukua kitenge kimoja kwenye rundo la mahari na kukinyosha juu mbele ya wanawake waliokuwa wakipika.

"Wamama," nilisema. "Nguo ikizeeka, ukishona juu yake kiraka kigumu, ya mraba, kisha uivute. Inapasuka wapi?"

"Pembeni ya uzi!" walijibu kwa pamoja, pamoja na wawili wa upande wa wakwe.

"Juu ya nini?"

"Nguvu yote inafika pale mara moja," alisema mmoja mwenye mwiko.

"Njo vile. Kwa ndege ni vile vile. Ukiweka vidole, kirefu kinapokea kidogo, kinachofuata kinaongeza, kinachofuata kinaongeza. Nguvu inaingia polepole. Bati haisikie maumivu. Vikilingana, vyote vinapokea mara moja, inakuwa tena mraba." Nikamgeukia Émilienne. "Na kwa ndege kubwa, yaya, unahesabu urefu kwa unene wa bati. Ni ukurasa moja ya daftari. Mungeniuliza, ningewapa."

Wanawake walikuwa wakitingisha vichwa, wakipima kitenge kwa vidole, wakibishana wao kwa wao. Célestin alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani ninapochana bati, mdomo wazi kidogo. Kumbe hata yeye ndiyo kwanza anaelewa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu, na sikujua lipi litatangulia.

Émilienne hakuelewa, au alielewa kupita sisi sote. "Bebeni vitu!" aliwaamuru ndugu zake. "Mwanaume akijidhalilisha kwa mwanamuke mbele ya mahari, nyumba ile itatawaliwa na nani? Hatuoi hapa. Célestin, twende."

"Yaya, wewe njo unatawala nyumba yetu tangu vita," alisema Célestin kwa upole. "Na sikufa."

"Twende, nimesema!"

"Miye nabaki."

Walibeba kweli. Mbuzi walifunguliwa, wakalalamika njia nzima hadi langoni. Magunia ya chumvi, madebe ya mawese, taa, vitenge, vyote vikapita mbele yetu. Mmoja wao alirudi, akasimama mbele ya mjomba Assani, akatazama chini kwa aibu. Mjomba akavua koti polepole, akalikunja vizuri, akamkabidhi, akabaki na shati lililolowa mgongoni.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na viti arobaini vitupu na Célestin amesimama katikati yake. Hakuwa na karakana tena, wala dada, wala hata mbuzi mmoja. Mikono yake ilining'inia haina cha kukabidhi. Hakunisogelea na hakuniomba kitu. Alisimama tu akingoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na kicheko wala kisingizio.

Shangazi mmoja alishaanza kufunga kitenge chake kiunoni aende zake. Joëlle alinitazama, nikamtazama mjomba.

"Mujomba," nilisema. "Iko mara ya tatu."

"Mara ya tatu ya nini, mutoto? Mali imekwenda. Nitakuuliza juu ya nini?"

"Uliza tu."

Mjomba Assani alinikazia macho, akamtazama yule mtu katikati ya viti, akarudi kwangu. Akajinyosha, akajiweka sawa kama vile koti lingali mwilini.

"Euphrasie, mutoto ya dada yangu," alisema. "Mara ya tatu na ya mwisho. Tupokee?"

"Mupokee," nilisema. Na nilisema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, kwa sababu Yaya Émilienne alikuwa bado hajapanda pikipiki.